Taa za Tela la Baba Mkwe

Mkono wa fundi ulibaki hewani. Aliunyoosha kwa adabu zote, kama mkwe anavyopaswa, lakini baba mkwe wake, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki uani, hakuupokea. Fundi akaurudisha taratibu, akajifanya anaufuta kwenye suruali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa."

Hakuwa amechelewa. Ila aliyameza maneno, maana asubuhi ile mkewe alikuwa amemsihi: mvumilie, ni baba yangu, nimzae upya?

Tela lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta. Ndani lina kitanda, jiko dogo na kabati, nyumba kamili juu ya magurudumu. Mzee, aliyeendesha malori maisha yake yote, alilinunua kabla hajaacha kazi, na kuiacha kwenyewe kulikuwa kwa ghafla, bila hata kuaga wenzake. Akatangaza kwamba atazunguka nchi nzima na mkewe. Tangu hapo tela halijavuka geti. Kwanza ilikuwa paa, fundi akaja akaliziba. Yakafuata matairi. Sasa taa za nje. Kila safari ilipokaribia, mzee aliibua kasoro nyingine, na kila kasoro aliitiwa mkwe huyohuyo ambaye tangu siku ya posa hakumtaka. Fundi hakuhitaji mkalimani. Alikuwa anakomolewa.

"Zile za mwanzo zilikuwa kama mshumaa," mzee alisema. "Mimi nataka mwanga. Juu ya mlango, kwenye ngazi, pembe zote, na pale mbele linapofungwa kwenye gari. Usizibanie kana kwamba unazitoa kwako."

"Litakuwa kama ukumbi wa harusi, baba."

"Nani kakuuliza?"

Fundi akashika kazi. Alibandika ukanda wa taa za LED chini ya ukingo wa paa, akazungusha tela zima, akatoboa na kupitisha waya ndani hadi kwenye betri, akaziba matundu kwa silikoni ili mvua isiingie. Mzee aliinuka akamfuata nyuma, kiganja kikiburuzika ubavuni mwa tela kama mnunuzi wa ng'ombe asiyemwamini muuzaji. Kwenye kona moja kidole chake kikasimama.

"Hapa umeacha mwanya."

Fundi akasogeza uso karibu. Ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Akauziba, akajiambia moyoni kwamba mtu anayetafuta kosa kwa bidii namna hiyo hana nia nyingine ila chuki.

Kama kuthibitisha, mzee alipogeuka alilipiga teke bakuli la skrubu. Zikatawanyika kwenye kokoto.

"Unaacha vitu njiani kama mtoto."

Bakuli lilikuwa jekundu, limewekwa peupe kabisa. Fundi alipiga magoti akaanza kuokota, na mzee akasimama palepale juu yake, hainami, hasogei. Nyingine alikuwa amezikanyaga. Ilibidi fundi amwombe anyanyue kiatu.

Mama mkwe akaleta chai. Ya mumewe alimwekea mkononi, akamkunjia na vidole kwenye kishikio, kama bwana mkubwa asiyeweza hata kujishikia kikombe. Ya fundi akaiweka kwenye ngazi ya tela.

"Mama," fundi alimwambia kwa sauti ya chini, "huyu mtu nimemkosea nini?"

Mama mkwe alimtazama kitambo, midomo ikitaka kufunguka. "Mwache tu, mwanangu. Ana yake."

"Mnanong'ona nini?" mzee aliuliza.

"Nasema chai isipoe," mama akajibu, akarudi jikoni.

Jua lilizama fundi akiwa anafunga waya za mwisho. Mzee alikuwa bado amesimama, kikombe kitupu mkononi.

"Binti yangu angepata fundi wa kweli," alisema, "saa hizi ningekuwa njiani."

Hapo ndipo fundi alipoweka bisibisi chini.

"Mzee," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutomwita baba, "tangu nimuoe binti yako hujaona jema langu hata moja. Leo namaliza hizi taa, na usiniite tena. Mimi na wanangu hutatuona hapa."

Alingoja matusi. Hayakuja.

"Watoto usiwaingize," mzee alisema hatimaye. "Niliwaahidi safari hii kabla ya mtu yeyote."

"Basi wapeleke. Gari lako, tela lako. Nani kakushika miguu?"

Mzee akakigeuza kikombe kitupu juu chini.

Fundi aliingia ndani ya tela, akabonyeza swichi.

Ua mzima ukalipuka mwanga. Ukuta ukawa mweupe, kila kokoto ikaota kivuli chake, na upande wa pili jirani akavuta pazia kuchungulia. Fundi alipotoka mlangoni ilimlazimu akinge macho kwa mkono. Hakukuwa na pembe yenye giza, hakukuwa na taa iliyopepesa. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alikuwa na hakika kwamba hakuna la kulaumiwa, akasimama kwenye ngazi, kifua mbele, akimsubiri mzee alitafute.

Mzee alikuwa hatua chache mbele yake, uso wake wote kwenye mwanga, macho wazi bila kuyakinga.

"Haya, washa basi," alisema. "Unasubiri nini?"