Ndizi Mbivu Mfukoni

Miaka sita Mzee Shaweji aliilea bromelia yake, mmea wa ukoo wa nanasi, akiunywesha maji katikati ya majani na kuandika kila jani jipya kwenye daftari. Haukuchanua, na moyoni alishukuru, kwa kuwa mmea huo huchanua mara moja tu, kisha hufa.

Mwaka huu macho ya mkewe, Bi Tausi, yakaanza kufifia. Ndipo Shaweji akaufunga mmea ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu, maana harufu yake huliharakisha ua. Miezi miwili baadaye, asubuhi, akamwekea mkewe mapajani chungu cha mmea uliokwisha kuchanua.

Bi Tausi aliinama hadi pua ikaligusa ua. "Jekundu," alisema. "Kama kanga yangu ya harusi."

Ua lilikuwa la manjano.

"Jekundu hasa," Shaweji akajibu.

"Mwongo mkubwa wewe! Sauti imekutetemeka." Akacheka. "Yaani umeuua mmea wako kwa ajili yangu?"

Shaweji akakiweka chungu vizuri. Vidole vya mkewe vilishuka taratibu kwenye majani mpaka shinani, vikatulia.

"Na huyu mdogo hapa chini ni nani?"

Shaweji akapiga magoti. Ubavuni pa shina palikuwa na chipukizi dogo kama ukucha, ambalo yeye, na miwani yake yote, hakuwa ameliona.

"Lete daftari," alisema Bi Tausi, kidole kingali palepale. "Leo naandika mimi."

Shaweji akamtia kalamu mkononi, akaushikilia ukurasa usiteleze.