Kosa la Mama Pacha

"Kosa!" Mwalimu alipiga meza, chai ikaruka kikombeni. "Tangu asubuhi kosa lile lile! Kichwa chako kina nini, Mama Pacha?"

Mkewe alichukua kitambaa, akapangusa meza bila kuinua macho.

Kesho yake walikuwa na mahojiano ya viza. Mwalimu alikuwa amepata kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo, na ofisa angewauliza maswali aone kama ndoa yao ni ya kweli. Jibu moja likienda mrama, angepanda ndege peke yake, mke na mapacha wabaki. Wazo hilo lilimtia hofu, na hofu ya Mwalimu siku zote ilimtoka kwa ukali.

"Nakuuliza tena. Unampenda mumeo?"

"I used to love him."

"Mungu wangu! Hiyo maana yake zamani ulinipenda, sasa basi! Unataka kuniumbua?"

"Mimi nilidhani ni kuzoea."

"Kuzoea ni I am used to! Ukiweka am, umezoea. Ukiitoa, yalikuwepo, yamekwisha. Kineno kama punje ya mtama kinakushinda? Watoto wa darasa la nne wanakijua!"

Mapacha walichungulia mlangoni, wakamwona baba yao alivyofura, wakarudi chumbani kwa kunyata. Hawakuhitaji kuambiwa.

"Hebu twende taratibu, Baba Pacha," mama yao akasema. "Ya kwanza, zamani nilipenda. Ya pili, nimezoea."

"Ee! Kumbe una masikio!"

"Basi nimeelewa."

Asubuhi yake, ofisa aliwakalisha bega kwa bega. Aliuliza kwa Kiingereza habari za harusi, za nyumba, za watoto. Mama Pacha alijibu yote bila kugugumia, hata Mwalimu akaanza kutabasamu. Ndipo likaja swali lenyewe: unampenda mumeo?

"I used to love him," akajibu. "Now I am used to him."

Hasira zilimkaba Mwalimu. Siku nzima ya kumfundisha, kazi bure! Akaruka kitini.

"Samahani, ofisa! Huyu Kiingereza kinampiga chenga, amechanganya tu..."

"Kaa chini, bwana," ofisa akamkatiza. Kumbe Kiswahili alikimudu vizuri tu. "Mama, achana na Kiingereza. Nijibu kwa lugha yako."

Mwalimu akaketi, akashusha pumzi. Kwa Kiswahili angekosea nini?

Mama Pacha hakumtazama ofisa. Alimgeukia mumewe kwa hasira ya miaka mingi.

"Zamani nilikupenda," akasema. "Siku hizi nimekuzoea tu."