Ndoo ya Wifi

Wifi alipoingia jarubani na ndoo yake ya bluu kwa mara ya tano, Mama Pacha aliacha nguo kwenye povu akakimbilia stoo.

"Tena?" mumewe aliuliza.

"Dada yako anamwaga mbolea. Mimi nikae nitazame?"

Baba mkwe alikuwa ameligawa shamba la mpunga katikati, tuta moja tu likiwatenganisha. Atakayevuna magunia mengi angeandikiwa shamba lote na nyumba. Atakayeshindwa afungashe. Mama Pacha alikuwa na watoto wanne na hakuwa na pa kwenda.

Mwenye duka la pembejeo alimwambia wazi: "Jaruba lako linataka urea mfuko mmoja, uugawe mara mbili. Ukizidisha, utavuna majani."

Mara mbili hizo zilishapita. Sasa alikuwa kwenye mfuko wa tatu, na cherehani yake ilishauzwa kuununua.

Alirusha ngumi kwa ngumi. Ng'ambo ya tuta wifi naye alirusha, taratibu, bata wake wakimfuata nyuma, vichwa majini, mikia juu.

"Wifi, unarusha kwa woga!" wifi alipaza sauti. "Hiyo ni mbolea, si poda ya mtoto!"

"Rusha yako! Mara tano zote na mpunga wako bado una rangi ya mgonjwa. Hata mbolea imekukataa!"

"Tutaonana kwenye kupeta."

"Kwenye kupeta utakuwa umeshafungasha, mwanga wewe!"

Na kweli, mpunga wa Mama Pacha ulikuwa kijani kilichokoza mpaka kikakaribia weusi, umemfika kifuani. Wa wifi uliishia kiunoni. Wapita njia walisimama kwa Mama Pacha tu. Akaanza kuwaonyesha watoto chumba cha wifi: "Nyie wawili mtalala humu."



Mashuke yalipotoka, upepo wa alasiri moja ulililaza jaruba zima la Mama Pacha kama mkeka. La wifi liliyumba, likasimama. Siku ya kupeta, ungo wa Mama Pacha ulirusha mapepe matupu. Punje zilizobaki zilijaza magunia matatu. Wifi alijaza kumi na moja.

"Baba, huyu kaniroga!" Mama Pacha alipiga kelele mbele ya mkwe, majirani wakichungulia. "Nilikuwa namtazama kwa macho yangu. Tumetia mbolea sawasawa, mara sita kila mmoja. Wangu ulale, wake usimame? Ana dawa kwenye ile ndoo!"

"Ndoo gani?" mzee aliuliza.

"Ya bluu! Mfuko wake wa dukani ulipoisha tu, akaanza kuja na ndoo. Mwambie ailete!"

Mzee alimgeukia binti yake. Wifi hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya bluu, bado imejaa nusu, akaibinua katikati ya uwanja.

Kabla Mama Pacha hajainama kushika, bata walishafika, wakigombania chenga za mchele.