Usiniharibie Sinema, Mama

Mwanaume mwenye bosholi nyeusi iliyomfunika uso mzima, macho tu nje, alimkaba Cynthia shingo na kumwekea bunduki kichwani. Cynthia akapiga nduru.

"Mwachilie mtoto wangu! Mwachilie, shetani wewe!"

Bochaberi alikuwa amekwisha toka kwenye umati, mwavuli mkononi. Alimcharaza yule mtu begani mara mbili kabla hajashikwa.

"Kata! Kata!" Calvince alipaza sauti nyuma ya kamera. "Nani ameachilia huyu mama?"

Watu waliojaa kwenye kituo cha kupimia majani chai, hapo karibu na Sironga, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule jambazi akavua bosholi. Alikuwa Nyabuto, kinyozi wa Keroka.

"Pole, mama," akasema, akijisugua bega. "Lakini mwavuli wako ni mkali kuliko hii bunduki yangu ya mbao."

Bochaberi alijua ni sinema. Alikuwa ameelezwa tangu wiki iliyopita: wapelelezi wa kigeni wanataka kulipua kiwanda cha chai, wanamteka binti wa meneja ili baba yake awape funguo. Cynthia ndiye binti. Anakabwa, anasukumwa ndani ya Probox nyeupe, gari linakimbia mpaka kwenye kona ya mikaratusi, basi. Alijua yote. Lakini sauti ya mtoto uliyemzaa haikuulizi kama unajua. Inakuvuta tu kutoka tumboni.

"Mama Cynthia, kwani wewe ndiye mwanajeshi wa sinema?" jirani yake Ombati akamtania. "Wakuandike!"

Cynthia hakucheka. Alimvuta mama yake kando, nyuma ya mizani.

"Mama, umeniaibisha mbele ya watu wote. Bosi anasema ukiharibu tena anatafuta msichana mwingine. Tangu nimalize fomu foo nimekaa tu nyumbani nikichuma majani. Usiniharibie sinema, mama. Niahidi."

"Nimekuahidi."

"Hata nikilia namna gani?"

"Hata ukilia namna gani."

Waliporudia, Bochaberi alijiziba mdomo kwa leso na kufumba macho. Alihesabu pumzi. Alipofumbua, Probox ilikuwa ikirudi kinyumenyume kutoka kwenye kona, na Cynthia anapunga mkono dirishani. Watu wakampigia makofi Bochaberi kuliko hata waigizaji.

Calvince akasema jua lilimharibia picha, itabidi wairudie saa nane. Nyabuto na wenzake wakapanda ile Probox wakashuka Keroka kula. Wengine walibaki pale na ndizi zao za kuchemsha. Ilikuwa Jumapili na hakuna majani ya kupeleka, na Wasabato walikuwa wamekwisha pumzika jana, kwa hivyo watu walizidi kufika. Calvince alikuwa ameweka kila kitu Facebook tangu Jumatatu: mahali, saa, picha ya Probox, picha ya bosholi, hata picha ya Cynthia akitabasamu. "Njooni kwa wingi," aliandika.

Hata saa nane ilikuwa haijafika, Probox nyeupe ikatokea chini, inapanda mbio, vumbi nyuma.

"Hawa nao, mbona hawangoji niwaite?" Calvince akaruka kwenye kamera. "Haya, haya! Cynthia, mahali pako! Mtu asisogee! Mama, tafadhali!"

Bochaberi akakamata leso.

Gari lilisimama kwa kishindo. Wanaume watatu wakashuka, bosholi hadi shingoni. Safari hii hakuna aliyemwambia Cynthia pole kabla ya kumshika. Walimbeba juu juu kama gunia. Kiatu kimoja kikamtoka. Cynthia alirusha mateke, akamng'ata mmoja mkono, na badala ya yale maneno ya Kiswahili aliyofundishwa, alilia kwa Ekegusii, akimwita mama yake kama alivyomwita akiwa mdogo.

"Sasa hiyo ndiyo sinema!" Ombati akanong'ona. "Mtoto wako ameiva, mama!"

Mwili wote wa Bochaberi ulitaka kukimbia. Miguu ilitangulia hatua moja, akairudisha. Alikuwa ameahidi. Macho ya Cynthia yalimtafuta kwenye umati, yakampata, yakamng'ang'ania. Bochaberi akauma leso kwa meno na kumtikisia kichwa kidogo, kumwonyesha kwamba amevumilia, kwamba hataharibu.

Mlango ukabamizwa. Gari likaondoka, likafika kwenye kona ya mikaratusi, likapita.

"Kata!" Calvince akapiga kelele, jasho linamtiririka kwa furaha. "Safi! Safi kabisa!"

Makofi yalivuma. Mama mmoja alipiga vigelegele. Bochaberi alienda kuokota kile kiatu, akakipangusa vumbi kwa leso ile ile, akasimama barabarani kumngojea mwenyewe.

"Mbona hawarudi?" akauliza.

"Wanatafuta mahali pa kugeuzia," Calvince akamjibu. "Mama, leo umekuwa jasiri. Ungepiga kelele ningekosa picha nzuri kuliko zote."

Bochaberi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Simu ya Calvince ikalia. Mikono yake ilikuwa na kamera, akabonyeza simu kwa kidole gumba ili isikike kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Bosi, ni mimi Nyabuto. Tusamehe, tuko na pancha huku Keroka tangu tumalize kula. Mwambie Cynthia asichoke, tunakuja kumteka sasa hivi."