Mahali pa Uyoga

Nabintu alijua mambo yameharibika pale kijana jirani yake alipoacha njia na kumwambia, "Kuya nikuonyeshe fasi yangu ya uyoga."

Misimu mitatu ya mvua Nabintu alikuwa akimbembeleza amwonyeshe mahali anapochuma, na kijana akawa anacheka tu: "Hata mama akiniuliza, siwezi mwambia!" Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wote walikuwa hivyo. Mtu alionyesha mahali pake siku za kuhama tu.

Walipita miti ya miiba upande wa Ngarama, wakafika kwenye kichuguu. Uyoga ulikuwa umechomoza, vichwa vimechongoka. Kijana alipiga magoti, akachimbua udongo kwa vidole, akiufuata mguu wa uyoga mmoja taratibu mpaka ukatoka mzima, mweupe, mrefu kama mkono wa mtoto.

"Uangalie muzizi," alisema. "Wa kweli unashuka mupaka kwa mchwa. Kama haushuke, uache. Utakuua, na mimi sitakuwa hapa."

"Jina yako imetoka kwa orodha ya wanaohamishwa," alisema Nabintu.

"Imetoka juzi. Kanada. Jumatatu bisi inatubeba mupaka Mbarara."

Alimnyooshea ule uyoga. Nabintu hakuupokea. Alifumba macho, akayafunika kwa viganja viwili.

"Sijaona kitu," alisema. "Hujanionyesha. Unirudishe kwa njia."

Kijana aliinuka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alimshika mkono, akamwongoza kati ya miiba, naye Nabintu hakufumbua macho hata waliposikia pikipiki zikipita barabarani.