Barua ya Mkaguzi Korongo

Alikuwapo Korongo mmoja, mkaguzi wa hospitali ya msituni, aliyependa sana kupokewa kwa heshima. Kila mwaka, wiki nzima kabla ya ukaguzi, alituma barua: "Nakuja Jumatatu." Jumatatu ikifika, sabuni ilitolewa stoo, na Tabibu Tumbili alinawa mbele ya mgeni hadi viwikoni, povu likimchuruzika. Korongo aliandika "Safi kabisa," akanywa chai, akaenda zake. Sabuni nayo ilirudi stoo, ikafungiwa.

Mwaka mmoja Korongo alivunjika mguu, mfupa ukatokeza nje, akabebwa hadi hospitali hiyo hiyo. Akiwa kitandani alimwona Tumbili akimkamua Ngiri jipu, akijipangusa vidole kwenye koti, kisha akija moja kwa moja kwenye kidonda chake.

"Tabibu, nawa kwanza!"

Tumbili alishangaa kwelikweli. "Ninawe? Kwani leo kuna ukaguzi, mzee? Mbona hukutuandikia barua?"

Akakishika kidonda kwa vidole vile vile. Mguu ukavimba, ukaoza, na siku ya tisa akafa.

Mazikoni Tumbili alilia machozi ya kweli, akatupia udongo kaburini kwa mikono yake miwili. Waliporudi msibani walikuta maji na sabuni mlangoni. Wa kwanza kuinama na kunawa, tena hadi viwikoni, alikuwa yeye, maana wali ulikuwa umeshapakuliwa.