Chini ya Rangi Nyeupe

Mjane aliinamia boneti ya gari, msasa mkononi, akisugua pale palipobonyezwa na tofali lililoanguka. Kumlipa fundi hakumudu, lakini maji, sabuni na ubishi alikuwa navyo.

“Shemeji, acha bwana,” mdogo wa marehemu mumewe alisema kwa mara ya tatu. “Nitalipeleka gereji mwenyewe. Nitalipa kila kitu.”

Mkono ukasita. Nani huyo wa kulipa? Si huyu huyu mkono wa birika, aliyekula msibani siku zote bila kuchangia hata chumvi? Na gari lenyewe aliwaletea bure, eti watoto wasiende shule kwa miguu.

Akasugua kwa nguvu zaidi. Rangi nyeupe ikatoka, ikafuata puti ya kijivu ya kuzibia mbonyeo wa zamani, pana kama mgongo wa mtu. Chini ya puti, ukucha wake ukakwangua rangi ya kijani.

Wote walioiona ajali ile walisema gari lililomgonga mumewe na kukimbia lilikuwa la kijani.

Nyuma yake, viatu vya shemeji vilirudi hatua moja.

Mjane hakugeuka. Alichovya msasa kwenye ndoo, akaunyoosha nyuma kwa mkono uliotulia.

“Shika, shemeji. Hapa nisaidie wewe.”